Vijiumbe vya kusaidia mimea vinafia madukani

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti hili kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu kuhusu vijiumbe vinavyosaidia mimea kuhimili ukame imenikera. Mwandishi wenu alieleza vyema jinsi nyuzi za kuvu zinavyopenya kwenye vitundu vya udongo ambamo mizizi haiwezi kuingia na kuuletea mmea maji, nao mmea ukazilisha sukari. Alichokiacha ni kwamba vijiumbe hivyo vina uhai, na joto huviua kabla havijafika shambani.

Ninaishi Likoni na ninalima kunde na pojo Kinango. Msimu uliopita nilinunua pakiti ya bakteria wa mizizi, wale wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi ya kunde na kuupatia mmea nitrojeni, katika duka la pembejeo hapa mjini, la pekee nililolipata lenye bidhaa hiyo. Muuzaji aliitoa dirishani, palipopigwa na jua mchana kutwa, karatasi imepauka hata tarehe ya mwisho wa matumizi haisomeki, ilhali maelekezo ubavuni yalisema ihifadhiwe mahali pa baridi pasipo na mwanga. Mvua ilipokatika kunde zikiwa zinatoa maua, niling'oa mche mmoja: vinundu vya mizizini vilikuwa vya kuhesabika, na nilipokipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa cheupe, wakati kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu. Jirani yangu aliyetumia bidhaa ile ile sasa hataki hata kusikia habari za vijiumbe, nami simlaumu, kwa maana watu waliokosa mvua misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, hawana pesa za kubahatisha.

Na afisa wa ugani, ambaye angetufundisha kupasua vinundu hivyo na kuvikagua, yuko wapi? Huonekana wakati wa maonyesho ya kilimo. Msimu wa kupanda hata simu hapokei.

Kila duka linalouza vijiumbe lilazimishwe kuwa na jokofu lenye kipimajoto ambacho mteja anaweza kukisoma, na pakiti iliyopitwa na muda iharibiwe mbele ya wanunuzi. Nanyi, mkitaka kuandika tena habari hii, mtumeni mwandishi wenu apime joto la rafu za dukani saa saba mchana kabla hajakwenda maabara.

Mkulima,
Likoni, Mombasa