Kaka, kabla hujasaini hiyo karatasi ya trela

Kaka,

Salama lakini? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Ujumbe wako niliuona jana usiku nishaanza kusinzia, nikafungua ile picha ya karatasi ya dila, yule muuza trela, usingizi ukakata hapohapo, mama watoto ananiuliza kuna msiba? nikamwambia hapana, kuna mtu anataka kuingizwa mjini. Sio kwamba hiyo trela ya kulala, ya kuvuta na pikapu, ni mbaya, trela nimeipenda, ule mpangilio wa vitanda vya watoto kule nyuma ni mzuri kuliko wa kwetu. Ila hesabu waliyokuandikia ndo ileile niliyoandikiwa mimi, wamebadilisha tarehe tu.

Umeniandikia kwa furaha kwamba stika ya bei inasema dola 42,000 na wamekushushia asilimia 30 kwa hiyo unaondoka nayo kwa 29,400. Kaka huondoki nayo kwa 29,400. Shuka na macho mpaka chini ya karatasi, kule maandishi yanakoanza kuwa madogo. Usafirishaji kutoka kiwandani 1,900, maandalizi 1,400, ada ya makaratasi 600, kifurushi cha kuanzia 900. Jumlisha utapata 34,200, na hapo kodi ya mauzo na usajili bado. Sasa toa kwenye ile 42,000 uone, punguzo lako la kweli ni 7,800, yaani asilimia 18 na nusu hivi, zile zingine 11 na ushee zimerudi kwa mwenyewe kupitia mlango wa nyuma. Na hicho kifurushi cha kuanzia ni mpira wa maji, bomba la maji machafu, dawa ya choo na adapta ya umeme, vitu unavyonunua mwenyewe kimoja kimoja na chenji inabaki.

Halafu hiyo stika yenyewe usiipe heshima sana. Gari jipya la kawaida hapa Marekani kuna sheria tangu 1958 inayomlazimisha mtengenezaji abandike bei kwenye kioo, ndo maana wote tumezoea kuamini kwamba namba iliyobandikwa ni namba ya haki. Trela ya kuvuta haimo kwenye sheria hiyo. Ile ni bei ambayo kiwanda kinapendekeza, na wapo madila wanaobandika yao juu zaidi ya hapo, kwa hiyo mtu anaweza kukupunguzia asilimia 30 ya namba aliyoipandisha mwenyewe jana, na wewe ukatoka unachekelea. Mimi nilichekelea.

Sijawahi kukusimulia vizuri ile ya kwetu, naona aibu, lakini ngoja nikwambie. Tulibishana na yule kijana muuzaji karibu saa tatu nzima, akaenda kwa meneja akarudi, akaenda akarudi, mwisho akashusha dola 500 zaidi akaniambia kaka wewe ni mgumu, nami nikajiona mwamba. Tukapeana mikono. Afu akaniambia sasa tumalizie makaratasi kwa dada yule pale ndani, dakika chache tu. Kumbe mechi yenyewe ndo inaanza. Chumba kidogo, hakina dirisha, watoto nje wamechoka wanalia njaa, dada mpole ametulia kama maji ya mtungini, anageuza kurasa anasema hii ni dhamana ya ziada ya miaka saba inaongeza kidogo tu kwa mwezi, hii ni kinga ya tairi, hii ni dawa ya kupaka ukuta usipauke, hii ni bima ya deni. Kila kitu kidogo tu kwa mwezi. Nilitoka pale nimeongeza zaidi ya dola 4,000 juu ya bei niliyoipigania saa tatu kwa ajili ya 500. Na ile dhamana tulipokuja kuihitaji, paa limevuja kwenye kona, tukaambiwa maji yaliyoingia kwa sababu ya silanti (ile gundi ya kuziba maungio) kuchakaa ni matunzo ya mwenye mali, haihusiki.

Ndo maana nakwambia usibishane nao kuhusu punguzo. Punguzo ni kiini macho. Wewe dai namba moja tu, bei ya mwisho, kila kitu ndani, mimi nitatoa hundi ya shilingi ngapi (unanielewa, dola) ili trela itoke getini ikiwa nyuma ya pikapu yangu. Wakisema hii ada haiondoki, dila zote wanatoza, usigombane, mwambie sawa iache hapohapo, shusha bei ya trela kwa kiasi hichohicho. Hela ni hela, wewe hujali imekaa mstari gani. Usafirishaji kweli upo, trela nyingi zinatoka Elkhart kule Indiana na miji ya jirani, sasa wewe uko mbali na pale lazima mtu alipwe mafuta na dereva. Kodi nayo ya serikali haina mjadala, utalipia jimbo unakosajili hata ukanunue Montana au Oregon ambako hawana kodi ya mauzo, kwa hiyo yule rafiki yako anayekushauri ukanunue huko mwambie atulie. Lakini "maandalizi" ni kuosha trela na kujaribu kama bomba linatoa maji. Hiyo ni kazi ya muuza duka, ni kama mama ntilie akutoze hela ya kuosha sahani.

Kitu kingine, ile ya kwako ni modeli ya mwaka uliopita, umeisoma hiyo? Imeandikwa juu kabisa. Na hapo ndo penye nguvu yako, maana dila wengi hawanunui zile trela kwa hela yao, wanakopa benki, na kila mwezi trela inapokaa uwanjani riba inatembea, na ikikaa sana benki inaanza kuwadai walipe na sehemu ya deni lenyewe. Kwa hiyo ile mpya iliyoshuka wiki jana hawana haraka nayo, ila iliyopigwa jua na mvua mwaka mzima inawauma. Waulize imefika lini hapo. Wasipotaka kusema chuchumaa usome tairi, kwenye herufi za DOT kuna tarakimu nne za mwisho, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani 3223 ni wiki ya 32 mwaka 2023. Haikwambii trela iliingia lini uwanjani lakini inakupa picha, na kama tairi zina miaka miwili mitatu zimesimama juani hiyo nayo ni hoja ya kushusha bei.

Na mjomba wako aliyekwambia trela hazipunguzwi bei, ukichelewa inachukuliwa, hajakosea sana, amechelewa tu. Mwaka 2021 viwanda vilisafirisha zaidi ya trela na magari ya kulala 600,000, ilikuwa rekodi, kila mtu anakimbilia porini, dila anakutajia bei ya stika na bado unamwambia ahsante. Mwaka 2023 zikashuka mpaka kama 313,000. Soko la hivyo halimwogopeshi mnunuzi. Kwa hiyo yule muuzaji akikwambia kuna familia nyingine inakuja kuiona Jumamosi, mwambie wanakaribishwa.

Sasa fanya hivi, na ufanye ukiwa nyumbani kwenye kochi, sio pale kwao. Andika imeli moja fupi, taja modeli, mwaka, na uombe bei ya mwisho kabla ya kodi na usajili, ada zote zikiwa zimeandikwa, pamoja na namba ya chesisi ya trela yenyewe ili wasije kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Itume kwa dila wanne watano hata walio mbali. Wawili hawatajibu, mmoja atakupigia simu akuambie njoo tuongee (huyo futa), wawili watakupa namba. Na usiishie kwenye jina moja la trela. Jayco, Keystone na Airstream zote ziko chini ya kampuni moja, Thor, Grand Design iko chini ya kampuni ya Winnebago, na Forest River nao wana majina kibao, kwa hiyo mpangilio unaoupenda mara nyingi una ndugu yake mwenye rangi nyingine na jina lingine kwenye uwanja wa jirani. Ukiona namba za watu watatu zinasogeleana hapo umefika chini, usikamue tena. Nao wanalipa mafundi na taa, mimi sina shida na dila kupata faida, shida yangu ni faida iliyofichwa.

Ila usikimbilie ya bei rahisi kabisa kama iko safari ya siku nzima. Trela mpya inaharibika, nakwambia ukweli, mwaka wa kwanza utairudisha kwa matengenezo ya dhamana mara mbili tatu, mlango haufungi, droo imechomoka, friji haijui inapoza au inapasha. Na dila wa karibu akijua ulinunua kwingine anaweza kukuweka mwisho wa foleni, utakaa bila trela msimu mzima wa kiangazi. Mimi kwa dila wa karibu mwenye karakana inayoeleweka ningeongeza dola 1,000 nikalala usingizi. Nenda kule nyuma kwenye karakana, usiende mbele kwenye sofa, waulize wateja wenyewe walioleta trela wamesubiri muda gani.

Suala la mkopo. Jamaa amekuuliza unaweza kulipa ngapi kwa mwezi, na wewe ukamjibu! Kaka. Hilo swali halijibiwi. Angalia, ukikopa 30,000 kwa riba ya asilimia 8, miaka 15 unalipa kama 287 kwa mwezi, ukisogeza miaka 20 inakuwa 251, unaona nafuu ya dola 36 tu, kumbe jumla umetoka 51,600 umekwenda 60,200. Dola 8,600 zimepita na hakuna aliyekugombeza. Nenda kwenye chama chako cha akiba na mikopo upate barua ya riba kwanza, halafu ukifika kwa dila waambie washinde hiyo, maana dila anaruhusiwa kuongeza kidogo juu ya riba ya benki na hiyo tofauti anagawiwa. Wakiishinda chukua yao, hakuna ubaya. Ila bei kwanza, mkopo baadaye, na ile trela ndogo ya zamani unayotaka kuwaachia izungumzwe mwisho kabisa, wakichanganya vitatu kwa pamoja hutajua umepigwa wapi.

Haya, na mambo ya kilo. Sijui kama umepima, maana pikapu yako naijua. Kuna stika ya njano karibu na mlango wa trela inasema mzigo usizidi paundi kadhaa, hiyo isome kabla ya bei. Maji tu ya galoni 40 ni zaidi ya paundi 330, weka sasa vyombo, baiskeli za watoto, shemeji na makasha yake ya jikoni (nisamehe, usimsomee hapa). Na uzito wa pale mbele panapokalia mpira wa kuvutia (ile tufe ya chuma nyuma ya pikapu) unatakiwa uwe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa trela iliyopakiwa, pikapu ikishindwa kubeba huo, hata wakikupa bure umepata hasara.

Siku ya kuchukua nenda asubuhi, wala usiende na watoto. Washa kila kitu, maji, gesi, umeme, kiyoyozi, panda ngazi uone paa, pitisha mkono kwenye kona zote za ndani kama kuna unyevu, na kila kasoro iandikwe kwenye karatasi yao waisaini ndipo utoe hela iliyobaki. Wakisema saini tu tutarekebisha wiki ijayo, sogeza tarehe ya kuchukua. Watu wanadhani kuna siku tatu za kughairi, hiyo sheria ya siku tatu ni ya wale wanaokuja kukuuzia nyumbani, ukisaini mezani kwao imekula kwako. Na arubuni uliyotoa, ile 500, hebu tafuta risiti uone kama imeandikwa inarudishwa. Kama haijaandikwa waandikie leo uwaombe wathibitishe kwa maandishi, wasipojibu utakuwa umeshajua unashughulika na watu gani.

Usimjibu yule kijana mpaka tuongee. Nitumie picha tatu tu, stika ya njano, tarakimu za tairi, na ile stika ya pembeni ya mlango wa dereva wa pikapu yako inayoonyesha uzito. Jumapili mchana niko nyumbani, nipigie, ila usipige wakati wa mpira.

Msalimie sana shemeji na watoto.

Ni mimi, mwamba wa saa tatu