Majina ya wadaiwa yasisomwe ibadani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niseme na wazee wa kanisa wenzangu, maana sikukuu ya mavuno inakaribia na orodha za michango zimeshaanza kuandaliwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mama mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri huku Kilimanjaro. Sadaka nimezihesabu miaka mingi. Siku hizi kuna sharika ambako, matangazo yakiisha, husomwa majina ya wasiomaliza ahadi, kila mmoja na deni lake, watoto wake wakisikia. Namfahamu mama aliyeacha kuja ibadani kwa sababu ya elfu thelathini za ujenzi. Fedha zinapatikana kwa njia hiyo, sikatai, lakini Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtu atoe alivyokusudia moyoni, “si kwa huzuni, wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu.” Orodha ile ni lazima na huzuni kwa pamoja.

Hebu tusome kitabu cha Kutoka, sura ya 35 na ya 36. Hema ya kukutania, mahali pa ibada, ilijengwa jangwani na Waisraeli waliotoka utumwani Misri juzi tu. Musa aliita wenye moyo wa kupenda, wakaja: huyu na dhahabu, yule na mbao za mshita, wanawake wakasokota singa za mbuzi. Hata birika la shaba, tukisoma mbele sura ya 38, lilitokana na vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Wakaleta kila asubuhi, mpaka mafundi wakaacha kazi kwenda kumwambia Musa kwamba vitu vimezidi. Naye akapiga mbiu kambini watu wasilete tena. Ni kiongozi gani kwetu amewahi kutangaza hivyo?

Najua nitajibiwa kwamba torati ilidai nusu shekeli ya fedha kwa kila aliyehesabiwa, na zaka pia. Ni kweli. Lakini nusu shekeli ile ilikuwa sawa kwa tajiri na maskini, hakuna aliyezidishiwa wala kupunguziwa. Na Wakristo wa Makedonia, fukara waliokuwa taabuni, Paulo hakuwapangia kiwango. Wao ndio waliomsihi awaruhusu kushiriki katika kuwachangia ndugu wa Yerusalemu.

Furaha hiyo tunayo bado. Njoo mnadani siku ya mavuno, ibada ikiisha, uone mikungu ya ndizi, maharage, maziwa, na jogoo aliyefungwa miguu. Yai moja linanadiwa, aliyelinunua analirudisha linadiwe tena, na tena, watu wanacheka, vijana wanapandishiana bei. Jogoo naye mnunuzi anampelekea bibi asiye na mtu nyumbani. Pale hakuna anayesomewa jina, na mfuko unajaa!

Ombi langu kwa mabaraza ya wazee ni hili: mtunza hazina aeleze waziwazi paa limebakiza mabati mangapi na bati moja ni shilingi ngapi, kila mtu apime mwenyewe. Yakitosha, tutangaze kwamba yametosha. Aliyekwama na ahadi yake, mchungaji amtembelee nyumbani, na amuulize kwanza habari za afya na shamba.

Mama Mzee wa Kanisa,
Marangu, Kilimanjaro