Asante, mzee wa ovaroli ya buluu
Mzee wangu, jina lako sikulipata, lakini asante sana. Uliiona Bedford yangu, lori kuukuu la jeshi, imeegeshwa Barabara ya Kirinyaga ikidondosha oili, ukaingia chini bila kuombwa. Ulipofungua nati ya difu, yale magia yanayozungusha magurudumu, oili ilitoka kama chai ya maziwa: maji yalikuwa yameingia. Wengine wangemwaga, waweke mpya, basi. Wewe ulitafuta kitundu cha kupumulia juu ya eksili, ule mhimili wa magurudumu, kumbe kimezibwa na matope. Difu moto ikitumbukia mtoni hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na kitundu kikiziba huvuta maji kupitia sili, zile pete za kuzuia oili isivuje. Ulikizibua kwa waya, ukakaza na bolti za bampa, ukakataa hata nauli. Mungu akubariki sana, mzee.