Mashine ndogo za gemu hazilingani, Mhariri, msiwaambie watu zinalingana

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana wiki iliyopita ukurasa wenu wa teknolojia uliandika kuhusu zile mashine ndogo za gemu za zamani, zile mini za Nintendo, Sega na Sony, na mwandishi wenu akafunga kwa kusema zote ni kitu kimoja tu, tofauti ni jina la kwenye boksi, kwa hiyo mtu achukue yenye bei ndogo na gemu nyingi. Hapana jamani. Mimi iliniuma, na imeniuma zaidi kwa sababu ushauri huohuo wa "gemu nyingi" ndo ulionifanya nipoteze hela yangu, nitafika huko.

Mimi nina chumba cha gemu hapa Tanga tangu 2009, vijana wanalipa kwa mechi, pedi zinakufa kila mwezi nafungua natengeneza mwenyewe. Lakini mapenzi yangu yalianza mbali. TV huku bara tumeipata 1994, kwetu nyumbani ikaingia 1997 na mwaka uleule mjomba akatuletea ile TV gemu ya kaseti ya njano, kaseti imeandikwa gemu 9999 ukiwasha unakuta ni kama kumi hivi zinajirudia majina yamebadilishwa, tukicheza Kontra na Mario mpaka adapta inanuka. Hatukujua kwamba ile ilikuwa nakala ya mashine ya Nintendo iliyotoka Japani 1983, sisi tulijua inaitwa TV gemu basi. Baadaye ikaja PlayStation, na aliyewahi kuwa nayo anajua lensi ikichoka tulikuwa tunaigeuza juu chini ndo inasoma CD. Kwa hiyo mtu akiniambia hivi ni vitu vya kuchezea tu vya wazee wenye hela, yani hajui anaongelea nini.

Sasa tuelewane kwanza hizi mini ni nini. Ndani yake hakuna mashine ya zamani hata kidogo. Kuna kompyuta ndogo kama ya simu ya bei ya chini, halafu kuna programu inayojifanya mashine ya zamani, wanaiita emuleta, na gemu zenyewe zimehifadhiwa humohumo. Ile ya Nintendo ya kwanza na ile ya pili ukizifungua bodi ni ileile. Boksi la plastiki linaweza kutengenezwa na yeyote mwenye kiwanda, ila gemu iende kama ilivyokuwa inaenda, sauti isikwaruze, ukibonyeza mtu aruke palepale, hiyo ni kazi ya watu walioandika emuleta na waliochagua toleo gani la gemu liingie. Hapo ndo pa kulinganisha, na hapo ndo mwandishi wenu hakugusa kabisa.

Nintendo ndo walioamsha mambo haya yote. Novemba 2016 wakatoa NES mini, yaani ile mashine yao ya 1983 kwa umbo dogo, gemu 30, dola 60 kwa Marekani, na ikaisha madukani watu wakaanza kuuziana kwa bei ya mara tatu nne. Emuleta waliandika watu wao wenyewe walioko Ufaransa na inaonekana ni kazi ya watu wanaoijua ile mashine. Lakini waya wa pedi! Haufiki hata mita moja, ni kama sentimita 75 tu, na ndani ya boksi kuna pedi moja. Ukitaka kurudi kwenye menyu uchague gemu nyingine lazima unyooshe mkono ubonyeze kitufe kwenye mashine yenyewe, labda ndo maana waya wakaufanya mfupi, ila kwa TV za sasa za inchi 50 hukai hapo, macho yatakuuma. Enzi zetu tulikaa karibu hivyo kwenye mkeka kwa sababu TV ilikuwa ndogo na hatukuwa na la kufanya. Wakasikia malalamiko, mwaka 2017 SNES mini, ya mashine yao iliyoifuata NES, ikatoka na pedi mbili na waya mrefu zaidi, dola 80, gemu 21, na moja kati ya hizo 21 ni Star Fox 2, gemu iliyotengenezwa ikafika mwisho katikati ya miaka ya 90 halafu ikawekwa kabatini haikuuzwa kamwe. Zaidi ya miaka 20 kabatini! Waliofanya kazi ile usiku na mchana hatimaye kazi yao ikaonekana. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuheshimu ile mini ya pili.

Sony sasa. Hapa nasema kwa huzuni maana PlayStation ndo iliyonipa riziki. Desemba 3, 2018 wakatoa PlayStation Classic, tarehe ileile PlayStation ya kwanza ilipotoka Japani mwaka 1994, dola 100, gemu 20. Ukiitazama ni nzuri mno, ndogo inakaa kiganjani, kifuniko cha CD kimechorwa vizuri ila hakifunguki. Emuleta hawakuandika, walichukua ile ya bure ambayo watu wanaojitolea wamekuwa wakiijenga kwa miaka. Kutumia ya bure sio dhambi, ni programu nzuri, ila wao wenyewe walikuwa na ya kwao tangu enzi za PSP, ile mashine yao ya mkononi, wakaiacha, na hiyo waliyochukua hawakuikalia chini waitengeneze ifae.

Na kosa kubwa kuliko yote ni hili, naomba mlichape lote maana watu wengi hawalijui. TV za zamani za Japani na Marekani zilikuwa zinachora picha 60 kwa sekunde, za Ulaya na za kwetu huku zilikuwa za mfumo wa PAL, picha 50. Gemu ikitengenezwa Japani kwa 60 halafu ikapelekwa Ulaya bila kurekebishwa vizuri ilikuwa inaenda pole, kila dakika unapoteza sekunde kumi za mwendo, na wachezaji wa Ulaya walilalamika miaka yote ile. Sasa Sony mwaka 2018, wakati TV zote mpya zinakubali 60 bila shida, kati ya gemu 20 wakaweka 9 za toleo la picha 50, mpaka kwenye mashine zinazouzwa Marekani ambako hilo toleo halikuwahi kuwepo madukani! Na moja kati ya hizo ni Tekken 3. Tekken 3, Mhariri. Gemu ya mapigano ambayo mtu anahesabu mkono umetoka lini na mguu umerudi lini, kijana wangu hapa chumbani anajua kwa mwili wake kabisa muda wa kukinga, ukimpunguzia mwendo hata kidogo umemnyang'anya gemu yake. Halafu pedi hazina vile vijiti viwili vya dole gumba, wameiga pedi ya mwanzo kabisa, wakati Sony wenyewe walishaziongeza vijiti kabla PlayStation ya kwanza haijastaafu. Na kwa sisi wa huku kuna kingine, kwenye gemu zote 20 hakuna hata moja ya mpira. PlayStation bila mpira kwa mtu wa Tanga ni nini? Wazungu nao walilalamika hakuna Crash Bandicoot wala Gran Turismo. Haukupita mwezi bei ikashuka kutoka dola 100 mpaka 60, na ikaendelea kushuka. Sasa mkimwambia msomaji achukue yenye bei ndogo mnampeleka hapohapo.

Sega ndo hasa ninachotaka kukisema. Aprili 2018 walitangaza mini yao, ya ile mashine yao ya zamani ya Mega Drive, watu wakaguna kwa sababu kulikuwa na mashine zenye jina la Sega zinauzwa miaka mingi, za bei rahisi, sauti mbovu mpaka unaona aibu. Sega wakafanya kitu ambacho kampuni kubwa hazifanyi mara nyingi, wakasimamisha, wakaisogeza mpaka Septemba 2019, na kazi wakawapa M2, kampuni ya Japani ambayo kwa miaka mingi kazi yao ni kuhamisha gemu za zamani kwenda mashine mpya na wanajulikana kwa kutoruhusu kosa dogo lipite. Matokeo yake ni gemu 42 kwa dola 80 na pedi mbili. Waya mrefu. Kutoka kwenye gemu unashikilia Start tu, hunyanyuki.

Mdogo wangu anayefanya kazi Maskati aliniletea moja alipokuja likizo na niliiweka mezani nyumbani, sio kazini. Binti yangu ana miaka 9, kitu cha kwanza akafungua kile kifuniko kidogo cha kaseti, kinafunguka kweli, akaweka kidole akaniuliza baba kaseti iko wapi. Halafu akashika kile kitelezi cha sauti pembeni, kinateleza kabisa mbele nyuma, akasikiliza, hakuna kinachobadilika. Hakifanyi kazi yoyote, kimewekwa kwa sababu mashine ya zamani ilikuwa nacho. Mtu mzima mahali fulani Japani alikaa kwenye kikao akasema hapana, hicho lazima kiteleze. Mimi nilikaa nikakitelezesha mwenyewe baada ya mtoto kulala.

Ila kilichonimaliza ni lugha. Ukibadilisha lugha ya menyu kuwa Kijapani, sio maneno tu yanabadilika, zinabadilika na picha za maboksi na gemu zenyewe zinakuwa za toleo la Japani. Ile Kontra ya Sega, ya Marekani ukiguswa na risasi moja umekwenda, ya Japani unavumilia mara tatu. Ni gemu mbili tofauti kabisa na zote zimo ndani ya boksi moja bila hata kuandikwa kwa maandishi makubwa, unagundua mwenyewe. Wameweka na Tetris ambayo mwaka 1989 Sega walizuiwa kuiuza kwa ugomvi wa nani ana haki ya kuiuza. Hao ni watu waliotaka historia yao ikae sawa, na hata asiyejua Tetris ilizuiwa lini atausikia ule uangalifu mkononi.

Sisemi haina kasoro. Pedi walizoweka kwa Marekani na Ulaya ni za vitufe vitatu wakati Japani walipata za sita, na humohumo kuna Street Fighter, gemu ya vitufe sita, ukiicheza na pedi ya vitatu inabidi ubonyeze Start kubadilisha kati ya ngumi na mateke. Hilo lingeepukika na sioni sababu ya maana. Bado naiweka juu, kisha SNES mini, kisha NES mini, na ya Sony mwisho na kwa mbali.

Nilisema nitafika kwenye hela yangu. Kabla sijapata hiyo ya Sega nilikuwa Dar, Kariakoo, kwenye duka moja nikaona kijiboksi kijivu, umbo lilelile la NES mini, pembeni kimeandikwa gemu 620. Muuzaji akaniambia hii ni bora kuliko orijino kaka, orijino ina 30 tu. Nikafikiri sawasawa na mwandishi wenu, nikalipa. Nyumbani kutoa waya, njano nyeupe nyekundu. Nikajua palepale. NES mini halisi inatoa picha kwa HDMI, ule waya mmoja wa TV za kisasa, na inakula umeme kwa USB kama simu, haina AV, hizo waya za rangi tatu, kabisa. Hiyo 620 ni TV gemu ya mjomba imevalishwa nguo mpya, gemu zinajirudia majina yamebadilishwa, Mario anaimba sauti iliyopinda, na hakuna kuhifadhi ulipofika, ukizima umeanza upya. Nilirudi dukani kesho yake, nikaambiwa kitu kikishatoka hakirudi. Nilikaa kwenye basi la kurudi Tanga na kile kiboksi mapajani nikiwaza mzazi ambaye atamnunulia mwanawe hicho akidhani amempa kile alichocheza yeye utotoni.

Kwa hiyo Mhariri naomba mkiandika tena mumwambie msomaji hivi, kabla hajalipa aombe kuona matundu ya nyuma, akiona ya rangi tatu aondoke. Aulize gemu ni ngapi, namba ikizidi mia kadhaa hiyo sio ya Nintendo wala Sega wala Sony. Na kama ni ya Sony kweli basi alipe bei ya kitu chenye Tekken inayovuta miguu, sio zaidi. Mwandishi wenu akipita Tanga milango iko wazi, ya Sega nitaitoa nyumbani niilete chumbani siku hiyo, tuweke menyu kwa Kijapani acheze Kontra risasi tatu, halafu tuirudishe Kiingereza acheze ya risasi moja.

Msomaji wenu wa kila wiki,
Tanga