Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Tanzania: kama ni lazima basi iwe lazima kweli

Mheshimiwa Waziri, shikamoo na pole na majukumu. Mimi ni mzazi wa Morogoro, na ni mmoja wa waliokula ugali wa JKT, kambi ya Mafinga kule Iringa mwaka 1988, ile enzi ukimaliza form six huulizwi unataka au hutaki, unabeba begi lako unaenda. Naandika maana kila mara naona watu wanajadili kwamba JKT ya lazima irudi kama zamani, wengine wanataka hadi wa form four waingie, na huku nyumbani kwangu nina binti kamaliza form six na jina lake lipo kwenye orodha ya walioitwa kambini. Kwahiyo hili jambo kwangu sio siasa.

Niseme mapema, siipingi JKT. Naipenda sana. Pale Mafinga baridi ilikuwa inakata masikio, mchakamchaka saa kumi alfajiri giza totoro, afande anaimbisha nyie mnaitikia huku mvuke unatoka mdomoni, mkitoka hapo uji halafu fatiki, yaani kazi za mikono, shambani mahindi hayaishi. Kwenye hanga letu, bweni la kambi, kitanda cha juu yangu alilala mtoto wa mkurugenzi wa shirika la umma, cha pembeni kijana wa Kigoma ambaye hakuwahi kuvaa sweta maisha yake yote, na yule mtoto wa mkubwa alipigwa doso, yaani adhabu, kama sisi, alirushwa kichura kama sisi, hakuna aliyempigia simu afande. Mpaka leo yule wa Kigoma ni ndugu yangu, mwaka jana nimeenda kumzika mama yake. Hicho ndicho JKT ilichonipa na ndicho nataka binti yangu akipate.

Lakini Mheshimiwa kilichofanya ile lazima tuimeze ni kwamba ilikuwa kwa wote. Hapo ndipo naona tunakosea siku hizi.

Turudi nyuma kidogo. JKT ilianza 1963 watu wanajitolea, 1966 serikali ikasema wasomi waende kwa lazima na wakimaliza kambi wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar wakaandamana Oktoba 1966, Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400 akawarudisha makwao. Wengi tunaikumbuka hiyo ya kufukuzwa tu. Tunasahau kwamba Mwalimu siku ileile alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na mawaziri wake wakakatwa pia. Alielewa kwamba huwezi kumwambia kijana jitoe kwa ajili ya nchi wakati wewe hutoi kitu. Halafu 1978 Idi Amin wa Uganda alipoingia Kagera, vijana wa JKT na mgambo walikuwa kati ya waliobebwa kwenda kuongeza nguvu jeshini, yaani ile lazima ilikuwa na maana yake, ilionekana.

Ikaja 1994 ikasitishwa, hela hakuna. Ikarudi 2013 chini ya Rais Kikwete, na wabunge vijana wachache wakavaa kombati wakaingia kambini, jambo zuri sana lile. Sheria haikuwahi kufutwa kwahiyo kwenye makaratasi lazima ilikuwepo muda wote, kilichokosekana ni bajeti na vitanda. Naomba hilo likae mezani kwako kabla hujasikiliza mtu yeyote anayesema tuongeze wengine. Iliyoiua JKT ya lazima mwaka 1994 ni hela, na hela hiyohiyo ndiyo itaiua tena.

Angalia hesabu ilivyo. Wanaofanya mtihani wa form six sasa hivi ni zaidi ya laki moja kwa mwaka. Form four ni zaidi ya laki tano. Kuna miaka hapa katikati walioitwa kambini walikuwa wachache kuliko waliomaliza, wengine wakabaki nyumbani bila kosa lolote, majina tu hayakutoka. Sasa hao vijana leo wanafungua tangazo la ajira za jeshi letu la JWTZ wanakuta sharti awe amepitia JKT na ana cheti. Mtu hakuitwa, atatoa wapi cheti? Kama serikali inasema ni lazima kwa mujibu wa sheria, basi kukosa nafasi lisiwe kosa la mtoto. Wapeni hao dirisha la kwenda hata kama umri umesogea, au sharti liondolewe kwao.

Na hii lazima inalipiwa na nani? Nimeenda sokoni na binti na ile orodha ya vifaa mkononi: bukta ya bluu iliyokoza yenye lastiki isiyo na zipu ifike magotini, fulana ya kijani, raba, shuka mbili bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti. Muuzaji alipoona tu ile karatasi bei ikapanda palepale mbele ya macho yangu, anajua huna pa kwenda. Weka na nauli, kambi aliyopangiwa ni magharibi ya mbali, basi siku nzima na zaidi. Mimi nimemudu kwa kukopa kwenye kikoba. Kuna mama jirani yangu anauza mihogo, mwanae nae kapangiwa mbali, juzi usiku alikuwa anaunganisha ile shuka ya pili kwa sindano kutoka vitambaa viwili vya bluu ambavyo havifanani. Nilikaa nae namshikia tochi ya simu. Mheshimiwa, ukimlazimisha mtu kwa sheria, nauli na shuka ni zako.

Sasa mnaotaka kurudisha mwaka mzima wa kambi kama enzi zetu na kuongeza form four, mimi siwakatalii, ila anzeni na hawa mlionao. Miezi mitatu ya leo ipate hela kamili kwenye bajeti, nauli na vifaa vitoke serikalini, tutangaziwe mapema kambi zote zina vitanda vingapi. Watoto wa viongozi nao waende, waende kambi zilezile, walale hanga moja na mtoto wa muuza mihogo. Na wale wanaojitolea miaka miwili waambiwe ukweli siku ya kwanza kama ajira ipo au haipo, maana tulishaona 2021 vijana zaidi ya 800 wakifukuzwa kwa kudai ajira walizoamini wameahidiwa, walikuwa wamefanya kazi kubwa za taifa kwa mikono yao. Yale yaliniuma sana.

Binti anaondoka Jumatatu na basi la alfajiri. Nimempa sweta langu la Mafinga, bado linavalika.

Ni mimi mzazi, Morogoro.
Kuruta wa Mafinga, 1988.