Kabla hujafunga kikinga wadudu kwenye boneti

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hivi vikinga wadudu vya plastiki ambavyo watu wanafunga mbele ya boneti ya pikapu, maana naona wengi wananunua kwa sababu ya muonekano tu halafu baadae wanalalamika.

Kazi yake ni kusukuma upepo uende juu, wadudu nao wapite juu ya kioo, sasa hiyo inafanya kazi ukiwa spidi kubwa barabara kuu, lakini kama safari zako ni za mjini, foleni, taa, foleni tena, kwa kweli faida hutaiona. Na hata kwenye spidi sio wadudu wote wanapita, wengine watapasukia kioo vilevile. Ukingo wa mbele wa boneti ndio unapona, hasa na vijiwe vinavyobandua rangi.

Kinachoniuma zaidi ni ufungaji. Vumbi na maji vinaingia kati ya plastiki na boneti, gari likitikisika ule mchanga unasugua rangi taratibu, siku ukikitoa unakuta mikwaruzo imejaa. Fundi akitaka kutoboa boneti mkatalie kabisa, tundu hilo ni mlango wa kutu, tafuta cha klipu kinachofunguka kirahisi ili usafishe ndani.

Kama huendi mbali mara kwa mara mi nasema acha, osha wadudu mapema kabla hawajakaukia juani, wakikauka wanakula rangi.

Msomaji wenu