Zamu ya bendera iwe ya kila mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi walimu na wazazi wazitazame upya zile dakika chache za asubuhi ambapo watoto husimama mstarini na kuimba wimbo wa taifa. Wapo wanaoziona kuwa mazoea tu, na wapo wanaoamini kwamba zenyewe zinatosha kumfanya mtoto awe mzalendo. Mimi nashikilia kwamba mtoto hujifunza zaidi kutokana na anavyotendewa mstarini kuliko kutokana na maneno anayoyatamka.

Mtazame aliyepewa zamu ya kupandisha bendera. Huikunjua kwa mikono miwili ili isiguse ardhi, hukagua isije ikapanda juu chini, kisha huivuta kamba taratibu akifuata mwendo wa wimbo, huku akijua kwamba shule nzima inamtegemea. Hapo anajizoeza kutunza kitu kisicho chake peke yake, na sidhani kama kuna somo bora zaidi kwa mtu atakayekuja kukabidhiwa mali ya umma. Mwenzake anayechapwa kwa kukosea ubeti huondoka na somo jingine kabisa: kwamba nchi ni kitu cha kuogopwa.

Nchini Marekani, kiapo cha utii kwa bendera kilitungwa mwaka 1892 kwa ajili ya wanafunzi. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliruhusu shule kuwalazimisha watoto kukitamka, na baada ya hapo Mashahidi wa Yehova, ambao imani yao inawakataza, walishambuliwa na makundi ya raia wenzao waliodhani wanaitetea bendera. Mwaka 1943 mahakama hiyohiyo ikautengua uamuzi wake. Nchini India nako, mwaka 1986, Mahakama ya Juu iliamuru warudishwe shuleni watoto watatu wa jimbo la Kerala waliofukuzwa kwa kutoimba wimbo wa taifa, ilhali walikuwa wakisimama kwa heshima pamoja na wenzao.

Sipendekezi desturi hii ifutwe, kwa maana naithamini mno. Naomba walimu wawafafanulie watoto kila ubeti kwa lugha wanayoielewa, fimbo isionekane mstarini, anayesimama kimya kwa heshima asidhihakiwe, na zamu ya kupandisha bendera imfikie kila mtoto, akiwemo yule anayeshika mkia darasani.

Wako,
Msomaji na mzazi